Mimea ya Milima Mirefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu mimea inayoishi juu kuliko misitu, mahali ambapo miti imekatika na kumebaki nyasi ngumu, mawe na vijimea vilivyojibana ardhini. Wengi wanaouliza habari zake huanza na huruma: inawezaje kuishi kwenye mateso yale? Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo moja, kwamba mlima tunaupima kwa miili yetu, ilhali mmea wa sentimita 3 hauishi katika hali ya hewa tunayoisikia sisi tuliosimama.

Mlima unahesabiwa kuwa mrefu kuanzia mita ngapi?

Wataalamu wa mimea hawaanzi na mita, wanaanza na miti. Pale msitu unaposhindwa kupanda zaidi, ndipo eneo la mlima mrefu linapoanzia. Karibu na ikweta mpaka huo huwa kwenye mita 3,500 hadi 4,000 hivi. Kwenye milima ya Alps huko Ulaya ni kama mita 2,000 hadi 2,300, na ukizidi kwenda kaskazini unashuka hadi karibu na usawa wa bahari. Kwa hiyo kilima cha mita 1,000 kaskazini ya mbali kinaweza kuwa na uoto wa mlima mrefu, na mlima wa mita 3,000 wa nchi za joto ukawa umefunikwa na msitu hadi kileleni.

Eneo lote la namna hii duniani ni takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu. Hata hivyo linakaliwa na spishi za mimea zinazokadiriwa kufikia 10,000.

Kwa nini miti hukoma mahali fulani, tena ghafla?

Hili ndilo swali lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu kuliko yote, na jibu lake ni zuri kiasi kwamba linastahili nafasi.

Joto hupungua kwa takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo kwa kila mita 100 unazopanda. Hilo linajulikana tangu zamani. Kilichokuwa hakieleweki ni kwa nini baridi imzuie mti na kumwacha jirani yake mfupi aendelee kupanda mita mamia zaidi. Watu walidhani miti ya mpakani ina njaa, kwamba baridi inapunguza usanisinuru na mti unashindwa kujitengenezea chakula cha kutosha. Mtaalamu wa mimea Christian Körner, aliyefanya kazi miaka mingi Basel, Uswisi, alilipima wazo hilo pamoja na wenzake na kuona halisimami. Miti ya mpakani ina akiba ya sukari na wanga ya kutosha. Kinachokwama ni ujenzi. Joto likishuka chini ya nyuzi 5 za sentigredi hivi, seli mpya karibu haziundwi, hata kama malighafi imejaa ghalani.

Walipolinganisha mipaka ya miti ya mabara mbalimbali, waliona kwamba wastani wa joto la msimu wa kukua pale mpakani ni karibu sawa kila mahali, kwenye nyuzi 6 hivi. Spishi za miti ni tofauti kabisa, mvua ni tofauti, udongo ni tofauti, lakini kikomo ni kimoja.

Na jirani mfupi je? Hapa ndipo umbo linapoamua. Mti umesimama katikati ya upepo, kwa hiyo matawi yake yana joto lilelile la hewa inayopita, na kivuli chake chenyewe kinapoza udongo ulipo mizizi yake. Mmea uliolala chini umejikinga kwenye tabaka jembamba la hewa tulivu lililopashwa na jua. Kwenye mteremko mmoja, saa ileile, mti uko kwenye nyuzi 8 na mmea mfupi, hatua mbili pembeni, unaweza kuwa kwenye nyuzi 20.

Zipo sehemu ambazo miti inapanda mno: kwenye mlima Sajama nchini Bolivia miti ya jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Polylepis inaota juu ya mita 5,000. Zipo pia ambazo mpaka uko chini kuliko baridi inavyodai. Kilimanjaro ni mfano wa hali hiyo, maana moto wa mara kwa mara umeushusha mpaka wa juu wa msitu.

Mimea haikosi hewa kule juu?

Oksijeni si tatizo lake kubwa kama lilivyo kwetu. Mmea unahitaji hewa ya ukaa, na ni kweli hewa hiyo inapungua: kwenye mita 5,500 mgandamizo wa hewa ni nusu tu ya ule wa pwani. Lakini katika hewa nyepesi gesi husambaa kwa wepesi zaidi, na majani ya milimani mara nyingi ni manene na yenye naitrojeni nyingi. Yakipimwa, hufanya usanisinuru vizuri kama ya bondeni.

Usiku ukiganda, mimea inafanyaje?

Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuzuia maji yasigande hata yakipoa chini ya sifuri. Ya pili ni kukubali barafu, lakini iundwe nje ya seli, kwenye nafasi kati ya seli na seli. Barafu hiyo hunyonya maji kutoka ndani, seli inasinyaa na kubaki hai, na asubuhi inajaa tena. Jani lililokakamaa kama bati alfajiri huwa laini na zima saa nne asubuhi.

Kwenye milima ya ikweta jambo hili ni la kila siku kwa maana halisi. Olov Hedberg, mtaalamu wa Uswidi aliyeichunguza mimea ya milima mirefu ya Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1940, alieleza kwamba huko kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi. Mmea wa Ulaya una miezi ya kujiandaa. Wa Mlima Kenya una saa moja ya magharibi.

Itazame senesio kubwa, jenasi ya Dendrosenecio, jua linapozama. Mchana majani yake yamekunjuka wazi kama kabichi kubwa iliyowekwa juu ya gogo. Giza likianza, yale ya nje yanainuka na kufumbata ya ndani, tabaka juu ya tabaka, mpaka kichipukizi kilicho katikati kinafichika. Ndani ya fumbato hilo joto halishuki kama nje. Na lile gogo limevaa koti: majani yaliyokufa hayadondoki, yananing'inia kulizunguka shina kwa unene wa kutosha kuficha mkono mpaka kiwiko.

Koti hilo lina kazi ambayo wengi hawaifikirii. Shida ya asubuhi si baridi peke yake, ni kiu. Jua linapiga majani mapema na kuyavuta maji, wakati udongo na shina bado ni baridi mno kupandisha chochote. Maji ya kuvusha saa hizo yamehifadhiwa katikati ya shina, na majani makavu ndiyo yanayozuia akiba hiyo isigande. Kwenye milima ya Andes watafiti waliyavua majani makavu kwenye mimea ya Espeletia, ambayo ina umbo lilelile. Mimea ikashindwa kupata maji asubuhi, na hatimaye ikafa.

Lobelia za Mlima Kenya zinazoishi mabonde yenye maji zina mbinu nyingine. Majani yake yamepangika kama bakuli, na bakuli hilo limejaa maji. Usiku sehemu ya juu inaganda kipande cha barafu, chini yake maji yanabaki maji, na kichipukizi kimezama humo kikiwa salama.

Kwa nini mimea mingi imejikusanya kama mto wa kulalia?

Piga magoti karibu na mmojawapo, Silene acaulis kwa mfano, ambao unaonekana kama nusu mpira wa kijani uliobandikwa mwambani. Ubonyeze taratibu kwa kiganja. Ni mgumu kuliko ulivyotegemea. Kile unachokiona ni ncha za mamia ya vitawi vilivyobanana kwa urefu sawa, na chini yake nafasi zote zimejazwa na majani ya miaka iliyopita, vumbi lililoletwa na upepo na udongo ambao mmea umejitengenezea wenyewe. Mizizi midogo inachipuka ndani humohumo na kula kilichooza.

Siku ya jua, uso wa mmea wa namna hii unaweza kuwa na joto zaidi ya hewa kwa nyuzi 10 na kupita. Upepo unateleza juu yake bila kupata pa kuingilia. Umbo hili limejitokeza mara nyingi, katika familia nyingi zisizo na undugu wa karibu, kwenye karibu kila safu ya milima. Katika Andes upo mmea uitwao yareta, Azorella compacta, unaoonekana kama jiwe kubwa lililofunikwa zulia la kijani, na hukua sentimita moja au mbili tu kwa mwaka.

Mimea hii inagombania nafasi au inasaidiana?

Yote mawili, lakini uwiano hubadilika kadiri unavyopanda, na nadhani hili ndilo somo kubwa kuliko yote ambayo milima imewapa wanaikolojia.

Kwa miaka mingi ikolojia ya mimea ilikuwa hadithi ya ushindani: nani anamnyima nani mwanga, nani anamnyang'anya nani maji. Mwaka 2002 Ragan Callaway na wenzake walichapisha majaribio yaliyofanywa kwenye safu 11 za milima duniani, kwa spishi 115. Njia yao ilikuwa rahisi. Chagua mmea, ng'oa majirani wake, kisha linganisha na mwenzake aliyeachiwa majirani. Chini zaidi mlimani, waliong'olewa majirani walistawi, maana wamepata nafasi. Juu zaidi matokeo yaligeuka: waliobaki peke yao walidhoofika, na wengine walikufa. Kule jirani ni ukuta wa kukinga upepo, ni kivuli cha adhuhuri, ni mkono unaoshika udongo usiteleze.

Mimea yenye umbo la mto wa kulalia ndiyo wenyeji wakuu. Hesabu spishi zilizoota ndani ya mmoja wao, kisha hesabu zilizo kwenye ardhi tupu ya ukubwa uleule pembeni. Mara nyingi ndani ni nyingi zaidi. Mbegu inanasa kwenye vitawi, inapata unyevu, inapata udongo wenye chakula, inaepuka barafu ya usiku. Ukarimu huo una gharama: tafiti zimeonyesha kwamba mwenyeji aliyejaa wageni hutoa maua na mbegu chache kuliko asiye nao. Anaendelea kuwapokea kwa sababu umbo linalomwokoa yeye ndilo hilohilo linalowavutia, na hana namna ya kulibadilisha kwa ajili ya kuwafukuza.

Mimea ya Afrika, Andes na Hawaii inafanana sana. Ni ndugu?

Senesio kubwa za Afrika Mashariki, Espeletia za Kolombia, Venezuela na Ekwado, na Argyroxiphium za volkano ya Haleakalā zote ni za familia ya alizeti, lakini matawi yao ya ukoo yako mbalimbali, na kila moja liliufikia umbo hilo kivyake. Ukiongeza wengine picha inakuwa wazi zaidi: lobelia kubwa ni wa familia nyingine kabisa, Puya raimondii wa Peru na Bolivia ni wa familia ya nanasi, na kule Tenerife kuna Echium wildpretii, naye wa familia yake. Koo tofauti, mabara tofauti, na bado wote wamefikia muundo mmoja: majani mengi yaliyopangika duara kuzunguka kichipukizi kikubwa, mara nyingi yenye malaika (vinyweleo laini) meupe kama sufi, na mkungu wa maua unaosimama kama mnara.

Mmea mkubwa wa aina hii unahitaji mwaka usio na majira marefu ya theluji, ili akue polepole miezi yote 12, huku akilinda kichipukizi kimoja cha thamani dhidi ya baridi ya kila usiku. Ndiyo maana milima ya nchi za joto ndiyo iliyojaa majitu, na milima ya mbali na ikweta imejaa vijimea vilivyolala chini.

Mimea hii ilifikaje huko juu?

Kuna waliopanda kutoka chini na kuna waliosafiri kutoka mbali. Waliopanda ni vizazi vya mimea ya misitu na mbuga zilizo chini ya mlima, iliyoinuka nao au kuufuata ulipoinuka. Waliosafiri tayari walikuwa wameizoea baridi kwingine, na mbegu zao zikaletwa na upepo au na ndege, kutoka kilele hadi kilele juu ya maelfu ya kilomita za nchi ya joto. Jenasi nyingi za vilele vya Afrika Mashariki zina jamaa zao Ulaya na Asia.

Kilele kirefu katikati ya nyanda za joto ni kisiwa, na bahari yake ni hewa ya moto iliyo chini. Eric Knox na Jeffrey Palmer walichunguza vinasaba vya senesio kubwa na mwaka 1995 wakaeleza safari yake: ukoo huu ulijiimarisha kwanza Kilimanjaro, takriban miaka milioni 1 iliyopita, kisha ukaruka kutoka mlima hadi mlima. Kila mlima ulipopokea wahamiaji, ukawageuza kuwa wenyeji wa aina yake, wengine wa mabonde yenye maji na wengine wa miteremko mikavu. Hedberg alikadiria kwamba spishi 4 kati ya 5 za uoto huu wa Afrika Mashariki na Ethiopia hazipatikani popote pengine.

Kasi hutofautiana mno. Kwenye Andes jenasi ya Lupinus, ndugu za maharagwe, imezaa spishi zaidi ya 80 ndani ya muda usiozidi miaka milioni 2, kwa sababu milima ilikuwa mipya na nafasi zilikuwa wazi. Upande wa pili kuna milima ya Hengduan, kusini-magharibi mwa China. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba baadhi ya koo za mimea ya milima mirefu zimekuwepo huko kwa takriban miaka milioni 30, bila kutoweka.

Enzi za barafu nazo zilichangia. Baridi ilipozidi, mikanda ya uoto ilishuka kwa mamia ya mita, na mimea ya vilele vilivyo jirani ikakaribiana. Joto liliporudi, kila kundi likapanda na kutengwa tena. Kukaribiana na kutengwa huko kumejirudia mara nyingi, na kila mara kulichanganya vinasaba kisha kuvigawa upya.

Kwa nini lobelia nyingine huchanua mara moja kisha hufa?

Mlima Kenya unatoa mfano ulio wazi kuliko mwingine ninaoujua. Kuna lobelia mbili zinazoishi karibu. Lobelia telekii anakaa miteremko mikavu yenye mawe. Anakua miongo kadhaa bila ua hata moja, kisha anatoa mkungu mmoja unaoweza kuzidi urefu wa mtu, uliojaa vifuniko vyenye malaika marefu, anamwaga mbegu nyingi mno, na kufa. Lobelia keniensis, wa mabonde yenye unyevu, ana vichwa kadhaa vilivyounganishwa chini. Kichwa kilichochanua hufa, vingine vinaendelea, na mmea unachanua tena baadaye.

Truman Young alizifuatilia kwa miaka mingi, mmea kwa mmea. Maelezo yake yanaanzia kwenye swali la kibahili: nikitunza nguvu kidogo leo, nitakuwepo kesho kuzitumia? Bondeni, kwenye maji, mmea unakua haraka zaidi na una nafasi nzuri ya kuishi hadi kuchanua tena, kwa hiyo kutunza kunalipa. Kwenye mteremko mkavu ukuaji ni wa polepole sana, na wengi wangekufa kabla ya kufikia ua la pili. Akiba isiyofikia kutumika ni hasara. Anayetoa vyote kwa mara moja anaacha watoto wengi zaidi, na watoto hao wanarithi tabia ileile.

Nani huchavusha maua kwenye baridi hiyo?

Nzi hufanya kazi kubwa kuliko wanavyosifiwa, pamoja na nyuki wakubwa wenye manyoya mazito wanaoweza kujipasha moto. Kwenye Andes kuna ndege wavumaji, na kwenye Mlima Kenya ndege aina ya chozi hung'ang'ania mikungu ya lobelia akinywa asali yake. Katika Himalaya kuna mmea uitwao Rheum nobile, ambao majani yake ya juu ni meupe-manjano na hupitisha mwanga kama karatasi nyembamba. Yamefunika maua mithili ya mapazia, mvua haiingii, miale mikali inapunguzwa, na visubi hujihifadhi ndani na kuchavusha. Mimea mingine hujichavusha yenyewe, na mingine haitegemei mbegu, inasambaa kwa machipukizi.

Inaishi miaka mingapi?

Mingi ni ya miaka mingi. Ile ya msimu mmoja ni michache sana, kwani kiangazi kimoja kibaya kingeifuta. Nyasi iitwayo Carex curvula, ya Alps, hujisambaza kwa chini ya milimita moja kwa mwaka. Mwaka 1996 watafiti walipima vinasaba vya shamba moja la nyasi hiyo, wakakuta maelfu ya machipukizi ya mmea mmoja tu, wenye umri unaokadiriwa kuwa miaka 2,000.

Uvumilivu huo unaonekana pia kwenye ua. Mimea mingi hutayarisha vichipukizi vya maua mwaka mmoja au miwili kabla. Bistorta vivipara huchukua miaka minne kutoka jani linapoanza kuundwa hadi linapokunjuka. Ua unaloliona leo lilianza safari yake katika kiangazi kilichokwisha sahaulika.

Mmea mfupi wa mlimani ukipandwa bondeni utarefuka?

Kidogo, lakini si mpaka ulingane na wa bondeni. Jens Clausen, David Keck na William Hiesey walilijaribu hili huko California katika miaka ya 1930 na 1940. Walipanda mimea ileile kwenye vituo vitatu: kimoja karibu na usawa wa bahari, kimoja kwenye mita 1,400 hivi, na kimoja juu ya mita 3,000. Mimea ya Achillea iliyotoka juu ilibaki mifupi hata ilipopandwa chini, na ile ya chini ilipopelekwa juu ilichelewa kuchanua au ilikufa. Ufupi uko kwenye vinasaba, umechujwa na mlima kizazi baada ya kizazi.

Theluji inaua mimea?

Mara nyingi inaiokoa. Chini ya theluji nene joto hukaa karibu na sifuri, hata hewa ya juu ikishuka nyuzi 20 chini yake. Inayoumia ni mimea ya vipaa ambako upepo umepeperusha blanketi hilo. Gharama ya theluji ni muda: inapochelewa kuyeyuka, kiangazi cha mmea kinaweza kubaki wiki chache tu.

Ni mmea gani unaoishi juu kuliko yote?

Huko Ladakh, kaskazini mwa India, watafiti waliikuta mimea ya maua ikiota kwenye mita 6,150 hivi. Kwa kuishi mahali penye baridi kuliko pote, sifa ni ya Saxifraga oppositifolia iliyokutwa karibu na kilele cha Dom, Uswisi, kwenye mita 4,505.

Joto la dunia linaifanyaje mimea hii?

Inapanda, na ushahidi ni mwingi. Mwaka 1835 Oswald Heer alifika kilele cha Piz Linard nchini Uswisi, mita 3,410, na kukuta spishi moja tu, Androsace alpina. Kufikia 2011 zilikuwa 16. Mwaka 2018 kundi kubwa la watafiti lilikusanya kumbukumbu za vilele 302 vya Ulaya na kuona kwamba katika muongo wa 2007 hadi 2016 spishi mpya ziliongezeka kwa kasi mara 5 ya ile ya miaka 50 nyuma.

Kwa mbali hii inasikika kama habari njema, kilele kimepata wakazi. Mimi hunisikitisha. Wanaofika ni warefu na wenye kasi, wa kutoka chini. Wenyeji wa zamani wapo bado, maana wanaishi muda mrefu na hawafi upesi, lakini idadi ya spishi inaweza kupanda huku miche ya wenyeji hao ikikosa pa kuota. Na kilele kina mwisho. Juu yake hakuna pa kukimbilia, na mlima mrefu zaidi uko ng'ambo ya nchi ya joto.

Alexander von Humboldt alipanda Chimborazo mwaka 1802 na kuchora mimea kwa mikanda yake ya mwinuko. Watafiti waliporudi baada ya karne mbili, walikadiria mwanzoni kwamba mimea imepanda zaidi ya mita 500. Mwaka 2019 wengine walionyesha kwamba sehemu kubwa ya takwimu zake ilitoka mlima mwingine, Antisana, na kwamba kupanda huko kulikuwa kati ya mita 215 na 266. Nalitaja kwa sababu kupunguza makadirio namna hiyo ndiyo kazi ya sayansi, na mita 215 kwa vijimea vinavyosogea milimita kwa mwaka bado ni umbali mkubwa.

Mlima unatoa ahueni moja. Kwa kuwa mteremko mmoja una mashimo, vivuli na miamba yenye joto tofauti kwa nyuzi kadhaa, mmea fulani unaweza kuhama hatua chache tu, nyuma ya jiwe, na kupata baridi ambayo vinginevyo ingebidi aifuate mamia ya mita juu. Ahueni hiyo haisaidii kitu pale moto unapopita. Mwezi Oktoba 2020 moto uliwaka siku nyingi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika uoto ambao hukua polepole mno kurudi.

Nikiwa mlimani, nitazame nini?

Amka kabla ya jua, mahali penye udongo mtupu, na uiname. Kwenye milima ya ikweta utaona udongo umeinuliwa na sindano za barafu, nyembamba kama nyuzi za kioo, zimesimama wima bega kwa bega. Kila moja imebeba chembe ya changarawe kichwani. Baadhi zimebeba mche, umeng'olewa na mizizi yake inaning'inia. Jua likifika, sindano zinalainika na kulala, na kila kitu kinashuka mahali tofauti kidogo na pale kilipokuwa jana. Hiyo ndiyo sababu ardhi tupu inabaki tupu, na sababu mbegu iliyonasa ndani ya mmea wa jirani ina bahati.

Hapohapo, kwenye Mlima Kenya, unaweza kukuta vidonge vya kijani vya ukubwa wa yai. Ni vijimea visivyo na mizizi, jamaa ya wale wanaofunika mawe mabichi msituni. Sindano za barafu huvigeuzageuza usiku baada ya usiku, mpaka vimekuwa mviringo na kijani pande zote, bila upande wa chini. Vitazame, usivibebe, na kanyaga mawe badala ya udongo unaporudi njiani.